Choo cha Paka cha Bwana Makarius

Katika Mpanda yote, kuanzia stesheni ya reli hadi porini kwa tembo, hapakuwa na mtu aliyejua usafi kama Bwana Makarius. Nani kasema? Bwana Makarius mwenyewe!

"Mimi nimekaa Tabora," alikuwa akituambia, suruali ameipandisha hadi karibu na kwapa. "Nyie wa huku mnaoga kwa sababu mvua imewakuta njiani!"

Tabora alikaa kweli, hilo sibishi. Alichokuwa akikifanya huko ndicho hatukukijua, na ukimuuliza anatazama mbali, eti mambo ya serikali hayo. Lakini bila kulitaja neno Tabora, ugali haukumshuka.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Nyie watoto wa juzi hamjui. Kila mtaa ulikuwa na kikundi cha kusikiliza redio: mnakaa chini, mnasikiliza mafunzo, mnajadili malaria na kuhara, kisha mnashika majembe mnakwenda kuchimba vyoo. Kikundi chetu cha mtaa wa Misunkumilo kilikuwa na redio moja ya betri, ina sauti ya kumwamsha marehemu. Ilikaa nyumbani kwa Mwalimu Rafaeli, na Mwalimu Rafaeli akapata uhamisho wa kwenda Kibaoni. Sasa redio itakaa kwa nani?

Katekista Melkiadi, mwenyekiti wetu, akatoa uamuzi. "Itakaa kwenye nyumba iliyo safi kuliko zote. Mavuno yakiisha, tutapita kukagua."

Weee! Redio siku zile haikuwa mchezo. Mwenye redio alisalimiwa kwanza, hata na wakwe zake. Jioni watu walijaa uani kwake, akikohoa wote wananyamaza. Makarius akaitaka ile redio mpaka akakonda. Akaanza hata kusafisha meza ya kuiweka, akaitandikia kitambaa cha maua alichompokonya mkewe Josefina.

"Baba Imakulata," Josefina akamwambia, "kabla ya kitambaa, choo."

Hapo niwaeleze kidogo. Choo cha Makarius kilititia wakati wa masika. Shimo lilijaa maji, kuta zikalala, kikawa kidimbwi cha vyura. Tangu hapo familia nzima ilikuwa ikijisaidia kwa jirani, yule mjane Mama Cletus, mama asiye na maneno. Josefina na watoto walipita wazi na kusema asante. Makarius, mtu wa Tabora, alikwenda na jembe begani ili tudhani anakwenda shambani. Sote tulijua. Hakuna shamba la kulimwa kila asubuhi kwa dakika chache hivyo!

"Choo kitangoja," Makarius akajibu. "Mimi nitawashinda kwa bustani."

Na haki yake apewe, bustani alikuwa nayo. Matuta yamenyooka, udongo umechambuliwa mpaka ukawa laini kama unga wa sembe. Kabichi, vitunguu, nyanya, mchicha, kila kitu kwa mstari. Mtu angetoka Katumba kwa miguu kuja kuitazama tu.

Tatizo, huo udongo laini uliwavutia na wengine.

Mama Cletus alikuwa na paka watatu. Mkubwa wao aliitwa Sajenti, dume la rangi ya majivu, sikio moja limechanika, anatembea polepole kana kwamba mtaa mzima uko chini yake. Sajenti akauona udongo wa Makarius, akaujaribu kwa mguu, akaridhika. Akachimba, akachuchumaa, akafukia. Kesho yake akaja na wenzake. Baada ya hapo paka wa mtaa mzima wakapata habari, nadhani paka nao wana kikundi chao.

Asubuhi Makarius anaingia bustanini kwa maringo, ananyanyua mche wa kabichi kumwonesha mgeni, mara: loo! Kidole kimezama kwenye kitu ambacho si mbolea ya ofisi ya kilimo.

"Nani kafanya hivi?" akapiga kelele.

Sajenti alikuwa amekaa kwenye uzio, anajilamba.

Sasa usidhani mambo yalikuwa rahisi. Paka huwezi kumpiga. Msimu ule maghala yalikuwa yamejaa mahindi, na paka wa Mama Cletus ndio walikuwa polisi wa panya mtaani kote. Josefina akamwonya mapema.

"Ukimrushia jiwe yule paka, panya wote watahamia kwetu, na mimi nitahamia kwa mama yangu."

"Nani kasema jiwe? Mimi nina akili. Huko Tabora..."

"Na choo je?"

"Aah! Mwanamke, mchicha haungoji!"

Akaanza kwa siasa. Kwenye kikao cha redio akasimama, akapendekeza kila mwenye paka amfunge kamba. Tulicheka mpaka mtangazaji hakusikika. Mama Cletus akauliza taratibu, "Nikimfunga, panya nitawaambia wamfuate alipo?" Pendekezo likafia hapo hapo.

Akahamia kwenye maji. Alikuwa amesikia kwamba paka anachukia kulowa, na ni kweli. Asubuhi moja akajificha nyuma ya mpapai na kopo lake, amechuchumaa, pumzi ameibana. Akasikia mchakacho wa majani upande wa uzio. Akanyanyuka, akarusha maji yote. Chwaaa!

Alikuwa Katekista Melkiadi, anapita njia ya mkato kwenda misa, kanzu nyeupe imepigwa pasi ya mkaa.

Maji yakamdondoka kidevuni.

"Bwana Makarius," akasema, "mimi nilishabatizwa."

Mtu mwingine angekata tamaa. Makarius alikaa kizingitini, mikono shavuni, akafikiri mpaka uji ukapoa. Na kweli akapata wazo, tena zuri. Paka hamchukii mtu. Paka anatafuta udongo mkavu, laini, wa kuchimba. Basi mpe wa kwake!

Ndipo akajenga choo cha paka.

Msicheke, nilikiona kwa macho yangu. Pembeni mwa uzio alichimba shimo pana la kina kifupi, akajaza mchanga mweupe alioubeba kutoka mtoni kwa karai. Akasimamisha nguzo, akaezeka kwa nyasi mpya ili mvua isiloweshe mchanga. Matuta ya bustani akayafunika kwa mabua ya mahindi na kuyamwagilia vizuri, paka asipate pakavu pa kuchimba. Na siku ya kwanza akanyunyiza juu ya mchanga dagaa wa Karema, kama kadi ya mwaliko.

Josefina alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Paka wanaezekewa," akasema. "Sisi tunakwenda kwa jirani."

"Subiri redio ifike, utanishukuru!"

Sajenti akaja. Akala dagaa. Akanusa mchanga. Akazunguka, akachimba, akachuchumaa. Makarius alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya vitunguu, na nakuambia, mtu mzima yule alitokwa na machozi ya furaha.

Baada ya hapo hakuna paka aliyegusa bustani tena. Kabichi zikafunga, nyanya zikaiva. Na Makarius sasa nani angemshika? Ilikuwa kila kona, kila kilabu cha pombe, habari ni hiyo hiyo. "Nyie mnahangaika kufundisha watu kutumia choo, mimi nimefundisha paka! Hata Tabora hawajafika huko!" Alipopita na jembe lake begani kwenda kwa Mama Cletus, alikuwa anapiga mluzi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Kamati mbele: Katekista Melkiadi na kanzu yake kavu, Mwalimu Rafaeli aliyeahirisha safari ya Kibaoni kwa ajili hiyo, na sisi wengine nyuma, kikundi kizima. Redio yenyewe ilibebwa pamoja nasi, imefunikwa kanga, ikabidhiwe papo hapo kwa mshindi.

Kwa Makarius tulikuta ua umefagiwa, maji ya kunywa yamechemshwa na kufunikwa, vyombo viko juu ya kichanja. Bustani ikatufanya tumeze mate. Kisha akatupeleka kwenye uzio, akafungua kinywa.

"Ndugu wanakamati! Katika historia ya Mtu ni Afya..."

Na Mungu ni shahidi, wakati huo huo Sajenti akaja, akapita katikati ya miguu ya kamati, akaingia chooni, akajisaidia mbele ya wote, akafukia, akatoka.

Tulipiga makofi! Mwalimu Rafaeli alikuwa ameshaanza kuivua redio ile kanga. Makarius akanyoosha mikono miwili kuipokea. Nilimwona Josefina anatazama chini, anachora ardhi kwa dole gumba la mguu.

"Vizuri sana," akasema Katekista Melkiadi. "Hiki ni cha paka. Sasa tuoneshe cha watu."

Mikono ya Makarius ikabaki hewani.

"Cha... watu?"

"Ndiyo. Cha watu."

"Hicho kipo," Makarius akasema. "Kipo kwenye mipango. Mwenyekiti, kwanza tazameni vitunguu upande huu, hamjaviona vizuri."

"Vitunguu nimeviona. Mama Imakulata, nyie mnajisaidia wapi?"

Josefina alinyoosha mdomo tu, vile tunavyoelekezana sisi huku, na macho yetu yote yakaufuata ule mdomo, yakavuka uzio, yakatua kwenye choo cha Mama Cletus: ukuta umesiribwa, mfuniko upo, kopo la kunawia linaning'inia.

Hata Sajenti aliacha kujilamba.

Mama Cletus, ambaye tangu masika hakuwahi kulalamika, akajishika kiuno.

"Mimi sina ugomvi," akasema. "Paka wangu wanakuja kwake, yeye anakuja kwangu. Ila nilitaka kumuuliza siku nyingi, Baba Imakulata. Huko Tabora nako ulikuwa unabeba jembe?"

Jamani! Mwalimu Rafaeli alikaa chini kwa kicheko, redio mapajani. Katekista alijifunika uso kwa mkono wa kanzu, mabega yanatetemeka. Mimi mbavu ziliniuma siku mbili.

Redio ilivuka uzio siku ile ile. Ikawekwa kwa Mama Cletus, juu ya kigoda, na Josefina mwenyewe akapeleka kile kitambaa cha maua ikatandikiwe.

Kesho yake Makarius alionekana na jembe, na safari hii alilima kweli. Alichimba shimo la choo jua lote, jasho linamtiririka, huku ng'ambo ya uzio redio inamfundisha kwa sauti kubwa faida za kuchimba choo. Udongo aliutupa nje kwa nguvu, ukawa kilima: mkavu, laini, umechambuka vizuri.

Jioni, shimo limekwisha, tukasogea kumpongeza. Alichomoza kichwa kutoka shimoni, uso umejaa vumbi, akataka kusema neno la historia.

Juu ya kilima cha udongo, mbele ya pua yake, Sajenti alikuwa amechuchumaa, macho amefumba nusu. Akamaliza shughuli yake bila haraka, akafukia, na udongo wa kufukia ukamwangukia Makarius kichwani.

Mama Cletus akapunguza sauti ya redio.

"Hongera, Baba Imakulata!" akaita. "Choo chako kimefunguliwa rasmi."