Habari za Nassibu bin Ally na Kabati Lililoitika

Sogeeni, enyi watu wa Kibiti na Ruaruke, nanyi wa visiwani Mbwera mnaongoja maji yajae. Aliye na jembe alitue, aliye na simu aizime, maana ninalosimulia ni jambo kubwa. Nitasimulia jinsi Nassibu bin Ally, fundi viatu wa stendi, bingwa wa sindano na gundi, ambaye hakuna soli iliyopata kumshinda, alivyompeleka rafiki yake kunywa juisi. Ewe Mola mwenye kuzijalia ndimi ufasaha, nisaidie nisipunguze neno, kwani wapo walioanza kuipotosha habari hii kabla hata glasi hazijaoshwa.

Jueni kwanza mahali penyewe. Bi Zamda, aliyekaa Dar es Salaam miaka sita akichanganya vinywaji katika hoteli ya wakubwa, alirudi nyumbani na elimu moja: juisi inayouzwa barazani hunywewa na mwenye kiu, bali juisi iliyofichwa hutafutwa na kila mtu. Basi akapanga chumba nyuma ya karakana ya Nurdini seremala, akauziba mlango kwa kabati la mninga lisilo na ubao wa nyuma, likasimama miongoni mwa makabati ya kuuza. Humo ndani alichanganya ukwaju na tangawizi, embe na pilipili manga, tende na maziwa, kilevi hata tone hapana, na juu ya kila glasi akachomeka jani la mnanaa. Kibiti nzima ilipajua, na Kibiti nzima iliapa haipajui.

Sheria za pale zilikuwa mbili. Mgeni haingii ila aongozwe na mwenyeji. Na mwenyeji hulifungua kabati kimya, bila hodi, wateja wa samani wasije wakashtuka. Atakayekiuka hatatia mguu tena.

Sasa yatazameni yaliyokuwa moyoni mwa Nassibu. Yeye na Abdulswamadu walikua pamoja Mbwera, na tangu hapo Abdulswamadu ndiye aliyemwonyesha kila kitu: kupiga kasia, kupita kwenye matope ya mikoko bila kuzama, kumshika kaa asikukate. Nassibu alifuata nyuma, akajifunza, akashukuru, na kwa miaka thelathini hakupata kumwonyesha mwenzake hata kitu kimoja. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Basi Abdulswamadu alipofika, kwa boti hadi Nyamisati na kwa pikipiki hadi Kibiti, akiwa na saa chache tu kabla ya kurudi, Nassibu alifunga kibanda mchana kweupe, akavaa kanzu ya Idi, akanena:

“Ewe Abdulswamadu, mshika kaa kwa mkono mtupu, uliyeijua mito yote ya delta kabla hujaota ndevu! Leo nakupeleka mahali ambapo macho yako hayajapata kupaona.”

“Si umesema ni juisi?” akauliza Abdulswamadu. “Mbona hata kwetu ipo?”

“Ipo,” akajibu Nassibu, “lakini haijafichwa.”

Wakaenda. Karakanani wakamkuta Nurdini, mlinzi wa lango, mtu asiyecheka, akipiga randa ubao huku penseli ikiwa sikioni. Wakamkuta pia Bi Kijakazi, aliyekuja kumchagulia binti yake kabati la harusi, akizijaribu bawaba moja baada ya nyingine. Nassibu akampa shikamoo yake, kisha akasonga mbele. Vitanda vilijipanga kulia, meza zikamkabili kushoto, stuli zikamvizia miguuni. Yeye akazipenya safu hizo zote na kulifikia kabati la mninga, akaushika mpini.

Hapo ndipo malezi yalipomsaliti. Tangu azaliwe hajapata kufungua mlango wa watu bila kubisha, na ulimi wake, uliozoea kazi hiyo, haukungoja ruhusa.

“Hodi!” akasema Nassibu bin Ally.

Ndani mlikuwa na watu kumi na wanne. Sheria walizijua, viapo walikula. Lakini walikuwa wamezaliwa na kulelewa hapa hapa, na mtu wa hapa akisikia hodi hajui kunyamaza.

“Karibuuu!” likaitika kabati, kwa sauti za kike na za kiume. “Pita ndani!”

Mkoba ukamponyoka Bi Kijakazi. Akalisogelea kabati.

“Nurdini mwanangu, hili ni la mti gani?”

“Mninga, mama.”

“Basi nalitaka hili hili. Huyo mkwe ninayeletewa, salamu haitikii. Labda kabati litamfundisha.”

Nurdini akaliweka randa chini. “Nassibu! Umetuangamiza. Toka, wewe na mgeni wako, wala usirudi.”

Abdulswamadu akamgusa bega. “Twende zetu, ndugu yangu. Juisi tutakunywa stendi, haina neno.”

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Nassibu, kwa kuwa kwa mara nyingine ni mwenzake aliyekuwa akimwonyesha njia, na safari hii ni njia ya kutokea. Akasimama imara mbele ya kabati, akanena:

“Ewe Nurdini, bwana wa randa na msumeno! Nimekosa, sikatai. Lakini hodi yangu ni moja, na karibu zilizotoka humu ni kumi na nne. Nifukuze mimi, kisha fungua uwafukuze na wao mmoja mmoja, na wa mwisho awe Bi Zamda, maana aliyesema pita ndani ni yeye, sauti yake naijua. Halafu ukae wewe na glasi zenu.”

“Hapo kasema kweli,” akadakia Bi Kijakazi. “Kwetu mtu haambiwi karibu akaachwa nje. Na mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa, kwa hiyo karibu ile inanihusu.”

Kisha sauti ya Bi Zamda ikatoka taratibu kupitia kwenye tundu la ufunguo la kabati.

“Nurdini, barafu inayeyuka.”

Mlinzi akafungua lango. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya vanishi. Nassibu akajitenga pembeni, kama alivyozoea, mwenzake apite kwanza. Lakini Abdulswamadu, ambaye mto wenye mamba aliuvuka akiimba, alichungulia lile giza na mguu wake haukuinuka.

“Tangulia wewe, Nassibu,” akasema kwa sauti ndogo. “Mimi huku sipajui.”

Nassibu akamshika mkono, akainama, akaingia, na Bi Kijakazi akaja nyuma yao.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za Kibiti, wajukuu waisome na kuisomesha: siku ya Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri, Nassibu bin Ally alitangulia, na Abdulswamadu akafuata.