Ekseli ya Kona ya Nyuma

Jumatatu, 30 Machi
Vita vimeanza. Royce Tatro, jirani yangu, ametangaza kwamba Jumamosi ataukata ule mti mkubwa wa mepo ulio kati ya nyumba zetu. Anataka kujenga banda la pikipiki yake ya theluji. Anasema mti ni wake. Wake! Mimi nimeutundikia ndoo za chuma kukinga utomvu wake mtamu kila mwisho wa majira ya baridi tangu nimwoe Corinne. Hakuna mti Vermont nzima ambao utomvu wake ukichemshwa hutoa shira ya rangi ile.

Nimetafakari kwa utaratibu. Kona ya mpaka iliyo barabarani inajulikana: ni jiwe. Kona ya nyuma imepotea ardhini. Wazee wetu walichomeka chuma chochote walichokuwa nacho, mtutu wa bunduki, ekseli ya gari la farasi, ilimradi kisimame. Nikikipata, mstari kutoka kwenye jiwe utasema mti ni wa nani. Mpima ardhi, Bi. Gagnon, anakuja Ijumaa. Corinne anasema nimsubiri. Nimsubiri! Nimekodi kigunduzi cha chuma.

Jumanne, 31 Machi
Kigunduzi ni fimbo ya manjano. Hakijali dhahabu wala shaba, lakini kikikaribia chuma hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kimelia asubuhi nzima. Kila hatua! Nimechimba huku na huku, matope matupu. Royce ameegemea ukuta wa mawe na kikombe cha kahawa, akauliza kama natafuta meno yangu. Mchana Corinne ametoka kunikumbusha, kwa upole unaoudhi, kwamba buti zangu zina chuma vidoleni.

Jumatano, 1 Aprili
Buti za mpira. Maendeleo! Kiatu cha farasi, springi za kitanda, mfuniko wa jiko. Nimekaa ukutani nikaushika ule mfuniko kwa muda mrefu. Kuna mama aliyeuinua kila alfajiri kuchochea moto, na leo hakuna anayelijua jina lake. Ardhi hii imepitia mikono mingi, na kila mmoja alidhani ni yake. Wazo zuri. Nilitaka kumwambia Royce, lakini amekuja na kiti cha kukunja, akasema, "Endelea, bwana, usinijali. Televisheni yangu imeharibika." Nimeliacha wazo.

Karibu na mti kigunduzi kinapiga mayowe kwa sababu ya ndoo zangu. Nimelazimika kuzishusha. Siku nzuri ya utomvu kuliko zote, nao unadondokea matopeni! Nimeumia.

Alhamisi, 2 Aprili
NIMEPATA! Ekseli ya gari la farasi, imesimama wima, ng'ambo ya mti, upande wa Royce. Kwa hiyo mti ni wangu! Nimeing'oa kwa mtaimbo, nikaiosha, nikaipaka mafuta, nikaibeba begani na kuilaza juu ya meza ya jikoni kwake. Ameitazama. Hakubisha. Ameuliza tu ilikuwa imesimama wapi.

Tumetoka kwenda kuona. Mvua ilikuwa imenyesha wakati naipaka mafuta. Mashimo yangu yote yamejaa maji ya matope, mengine upande huu wa mti, mengine upande ule, na yote yanafanana. Nimemwonyesha moja. Kisha jingine. Royce amenipiga bega. "Pole, jirani. Lakini kung'aa, imeng'aa."

Ijumaa, 3 Aprili
Nimemkabidhi Bi. Gagnon ekseli. Ameketi ukutani na kufumba macho. Ameniuliza kama najua kwamba kung'oa alama ya mpaka ni kosa kisheria. Nimemwambia nilitaka kumrahisishia kazi. Amesema kazi ilikuwa rahisi mpaka jana: ikiwa ardhini, hata mahakama ingeifuata, mikononi mwangu ni chuma chakavu.

Amepima upya kutoka kwenye kona nyingine. Mstari unapita katikati ya shina. Mti ni wetu sote wawili. Hakuna wa kuukata bila ridhaa ya mwenzake. Na utomvu nao ni wa wote.

Umepona! Ridhaa yangu hataipata. Lakini nisingeing'oa ekseli, ungekuwa wangu mzima. Nimeweka kiganja kwenye gome. Mti haukuonyesha kujali ni wa nani.

Jumamosi, 4 Aprili
Royce ametundika ndoo yake. Kubwa kuliko zangu. Anasema banda litangoja, maana mkewe anapenda chapati za maji kwa shira. Ameniomba nimfundishe kuchemsha utomvu. Nimemwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Mpaka wetu una kona nyingine kule kijitoni, karibu na mepo mmoja mchanga ambao Royce bado hajautambua. Bi. Gagnon amesema alama ya kule haijaguswa na isiguswe. Kigunduzi ninacho mpaka kesho. Kosa sirudii! Safari hii, nikishaing'oa tu, nitarundika mahali pake theluji ambayo jua bado halijaiyeyusha kule kivulini, rundo kubwa, ili Bi. Gagnon akija wiki ijayo kumalizia upimaji apaone bila kuuliza.