Upande wa Ukutani

Jumamosi, 24 Agosti

Joto. Inzi. Nyumba imegeuka stendi ya basi. Mwanangu fundi bomba kanywa chai wima, katoweka na mabomba yake begani. Mkewe muuguzi katoka zamu ya usiku, wakapishana mlangoni. Hata salamu hawana, wanapeana funguo tu kama wakimbiaji. Mrefu, mjukuu wangu mkubwa, kaenda kwenye mpira wa kikapu. Mashindano ya kufunga likizo, ati. Huyo miguu yake inafika jikoni yeye bado yuko ukumbini.

Nimebaki na Kifungo, mdogo wake. Aliwahi kumeza kifungo cha koti la baba yake, kikatoka chenyewe salama, jina likabaki.

Niko namenya viazi, mkwe ananiambia kwamba shule inafunguliwa tarehe mbili na Kifungo anaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo, Mama, tutamhamishia chumbani kwa dada yake, Mrefu, kama ilivyo kawaida.

Kama ilivyo kawaida! Kawaida hiyo niliiweka mimi mwenyewe, enzi hizo Mrefu akinipiga mateke ya mbavu. Nilisema mtoto akianza shule, kitandani kwangu basi. Niliogopa nini? Nilijua Kifungo yuko tumboni, anakuja kushika zamu.

Tangu mzee wangu afariki sijalala peke yangu. Mimi ukingoni, mjukuu upande wa ukutani. Na baada ya Kifungo hakuna mwingine. Nilimtazama mkwe tumbo. Bapa kama sinia. Nikamwuliza kama hana habari yoyote ya kunipa. Akasema anayo: gesi imekwisha.

Nikasema sawa. Viazi nimevimenya mpaka vikawa saizi ya njugu.


Jumapili, 25 Agosti

Nimeamka na akili. Kwani mtoto anaingia shule hivihivi? Kuna kipimo! Mkono wa kulia unapita juu ya kichwa, unashika sikio la kushoto. Ukifika, huyo ni wa shule. Usipofika, arudi nyumbani akale. Mimi niliingizwa hivyo. Mwanangu alirudishwa hivyo, akakaa nyumbani mwaka mzima, na leo ni fundi mzuri tu.

Nimemwita Kifungo nyuma ya nyumba. Nikamwambia, mke mwenzangu, hebu shika sikio. Kashika. Kalishika lote! Kalikunja! Kauliza nishike na la Bibi?

Huyu mtoto mikono kaitoa wapi? Kwetu hatuna mikono mirefu. Ni ya kina mama yake.

Na tukiwataja hao, mchana kaingia mama wa mkwe. Mwalimu mstaafu. Watoto wanamwita Bibi Miwani, maana anavaa moja usoni na nyingine inaning'inia kifuani kusubiri zamu. Kaja kusaidia maandalizi ya shule. Nani kamwita? Analala ukumbini kwenye godoro. Kaniambia, dada, umependeza. Nimemjibu ahsante, mwalimu. Neno mwalimu nimelitia ndimu.


Jumanne, 27 Agosti

Siku mbili hizi sina raha. Bibi Miwani kambana Kifungo mezani tangu asubuhi, a, e, i, o, u, kama kuku anayetaga. Mtoto anapenda! Mimi nikimwita tukachambue mchele ananiambia subiri Bibi, niko na irabu. Irabu! Mtoto wa juzi!

Nilijaribu kumharibia. Nikakaa karibu, nikawa nakohoa kila akifika kwenye o. Bibi Miwani kaacha somo, kanichemshia tangawizi. Nikainywa. Ilikuwa nzuri, nikaudhika zaidi.

Nyumba nzima inakimbia. Mkwe anapiga pasi sare huku anaongea na simu. Mrefu kapoteza fulana ya timu, kapindua makochi, kumbe kaivaa. Mwanangu kaahidi kuwapeleka watoto kuogelea kabla likizo haijaisha, akaitwa bomba limepasuka. Wakaenda na Bibi Miwani. Hakuna aliyeniuliza kama naogelea. Siogelei, lakini wangeuliza.

Nikiwa peke yangu, mpango ukaja wenyewe. Mkono siwezi kuukata. Lakini njia ya mkono inapita wapi? Juu ya kichwa! Basi kichwa kikiwa kirefu, mkono utafika wapi?

Keshokutwa ndiyo siku ya wazazi kuwapeleka watoto wapya wakaonwe na mwalimu. Naijua kazi yangu.


Jumatano, 28 Agosti

Nimemsuka Kifungo kutwa. Nimezikusanya nywele zote utosini, nimezijaza pamba ya mto wa zamani, nimezungushia uzi mweusi, nikaongeza pamba, nikaongeza uzi. Mnara! Haujawahi kuonekana. Mtoto kajitazama kwenye kioo, katabasamu mpaka mapengo yote yakatoka. Kaniambia yeye sasa ni mrefu kuliko Mrefu.

Nikampima. Mkono umepanda, umegonga pamba, umekwama. Sikio halikuguswa. Nimejipongeza kwa kikombe cha chai yenye sukari yote niliyokatazwa na mkwe.

Mrefu kaingia, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema Bibi, umemtengenezea bomba la moshi? Nimemtupia chanuo. Mkwe katazama, kauliza kama hizo nywele zitapita kwenye mlango wa darasa. Bibi Miwani kavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, kasema kazi imetulia, dada, una mkono. Sikujua ananisifu au ananisuta. Nimemnunia kwa tahadhari.


Alhamisi, 29 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupo.

Mkwe alikuwa zamu, mwanangu yuko chini ya sinki la watu, kwa hiyo tukaenda bibi wawili na Kifungo na mnara wake. Shule ina harufu ya rangi mbichi. Watoto wapya wamejaa, wazazi wamejaa, jasho. Mwalimu ni binti mdogo mwenye sauti ya kubembeleza. Kamwuliza Kifungo jina. Kamwonyesha rangi. Kamwambia aruke kwa mguu mmoja. Kifungo karuka, mnara ukaruka naye, wazazi wakarudi nyuma.

Mwalimu kasema vizuri sana mwanangu, tutaonana Jumatatu.

Imekwisha?! Nikasimama. Nikauliza, na sikio? Binti kaniuliza sikio lipi, Bibi. Nikamwambia mwalimu gani hajui kipimo cha sikio, mnawaingiza watoto kwa kurukaruka kama vyura? Bibi Miwani kanivuta nguo. Sikuvutika. Binti kasema kwa adabu kwamba siku hizi wanatumia cheti cha kuzaliwa.

Nikasema ngoja nikuonyeshe. Nikapandisha mkono wangu mwenyewe juu ya kichwa, nikalishika sikio. Nikasikia kitu begani kinasema *kacha*. Mkono haukurudi.

Nimesimama katikati ya darasa la kwanza nimejishika sikio kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikivuta, nalia. Watoto wote wapya wakadhani ndio mchezo wa shule, wakapandisha mikono, wakashika masikio. Na Kifungo? Mke mwenzangu huyo, mtoto niliyemlea, hakuupandisha mkono juu. Kaupitisha kwa mbele ya paji la uso, kauzunguka mnara, kalishika sikio kwa raha zake! Kasema tazama, Bibi, kuna njia ya chini!

Bibi Miwani na mwalimu wakaniteremsha mkono, mmoja kashika kiwiko, mwingine kanikumbatia kiunoni. Barabarani Bibi Miwani hakulitaja sikio hata mara moja. Hilo namshukuru, lakini sitamwambia.


Ijumaa, 30 Agosti

Bega limevimba. Mkwe kaliangalia, kasema msuli umevutika, Mama, kazi ya mkono uache. Kanipa dawa ya kuchua, kisha simu ikalia, kaondoka. Mwanangu kachungulia mlangoni, kaniambia pole mama, ila umeitangaza familia. Kaondoka. Mrefu kapita, kajishika sikio, kakimbia.

Aliyenichua ni Bibi Miwani. Sikumwita. Kaketi tu kitandani, kafungua dawa. Ana mikono ya moto. Tukapiga soga kidogo kwa sababu mtu hawezi kununa akichuliwa. Kasema kwake redio haizimwi, tangu asubuhi mpaka analala, hata habari za bei ya mbolea anasikiliza, yeye asiye na shamba. Siku moja umeme ulikatika, akajikuta anamsalimia jirani kupitia ukutani.

Nikataka kusema kitu. Nikamwambia anachua kwa nguvu mno.


Jumapili, 1 Septemba

Wamemhamisha.

Mwanangu alifunga kitanda cha ghorofa, cha chini cha Mrefu, cha juu cha Kifungo. Nilisema mtoto ataanguka. Kikawekwa kizuizi. Nilisema ataogopa. Kifungo kapanda kama paka. Nikamwambia, mke mwenzangu, unaniacha na nani? Kafikiri. Kaniletea sungura wake wa kitambaa asiye na jicho moja, kamlaza upande wa ukutani, kamfunika. Kasema huyu hapigi mateke, Bibi.

Mnara umefumuliwa kwa amri ya mama yake. Pamba imejaa ndoo.

Nimekaa na sungura. Hana mazungumzo.


Jumatatu, 2 Septemba

Asubuhi vurugu. Mrefu kamaliza maji ya moto. Kifungo kavaa sare tangu kabla ya chai, mkoba umemzidi, nyuma unaonekana mkoba unaotembea. Nilitaka kumbusu, bega likakataa kuinama, nikambusu utosini hewani. Mlango ukafungwa.

Kimya. Friji ndiyo inayoongea. Sijawahi kujua kwamba friji yetu inanguruma.

Tumekaa mezani, mimi na Bibi Miwani. Tukanyanyua vikombe pamoja, tukaviweka pamoja. Kasema angeweza kukaa wiki chache zaidi, kama hatasumbua. Moyo ukaniruka. Nikamjibu nyumba ni ya mwanangu, mimi si msemaji. Kasema ni kweli, dada. Kachukua kikombe changu, kakiosha.

Nimejing'ata ulimi baadaye. Umechelewa kung'atwa.


Jumanne, 3 Septemba

Nimewaza. Huyu mama anakohoa pale ukumbini, mlango una upepo. Kitanda changu ni kikubwa. Upande wa ukutani uko wazi, sungura nitamtundika msumarini. Sasa nimwambieje? Nimwombe? Mimi? Mimi niliposwa mara mbili na sikuomba hata mara moja!

Lazima ije yenyewe. Iwe shida. Nami nimwokoe.

Alipokwenda dukani na ndala zangu miguuni, nikajaza ndoo. Kwa mkono mmoja, mnajua uzito wa ndoo kwa mkono mmoja? Nikaimwaga yote kwenye godoro lake. Yote! Nikarudi jikoni, nikachambua mchele kama malaika. Aliporudi nikapiga kelele kwamba paa linavuja. Kaangalia nje. Jua kali. Nikasema basi ni bomba la darini.

Nilimsahau mwanangu. Kamwite mwanangu fundi bomba umwambie kuna bomba darini! Kaja mbio na ngazi. Kasema mama, hakuna bomba juu ya ukumbi, nyumba hii nimeitandika mabomba mimi mwenyewe. Nikasema humjui shetani wa maji. Kwa kuniridhisha kafungua dari. Vumbi la miaka likashuka juu ya meza, makochi, na Bibi Miwani. Kakohoa mpaka miwani zote mbili zikaanguka.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikasema kwa upole, nikitazama pembeni kama mtu asiyejali, kwamba kitandani kwangu kuna nafasi, mimi sina shida.

Kaniangalia muda mrefu. Kasema ahsante, dada, lakini wewe na hilo bega unahitaji kulala kwa raha. Leo atajibanza na mjukuu, na kesho atarudi kwake, nyumba ikauke.

Nyumba ikauke! Nilitaka kusema ni mimi. Kinywa nilikifungua. Kikatoka kikohozi.


Jumatano, 4 Septemba

Kaondoka na basi la saa nne. Mwanangu kabeba begi. Getini kanishika mkono ule mzima, kasema nichuliwe kila jioni, nisiache. Nikamwuliza nani atanichua. Kasema, dada, ungesema tu.

Ningesema nini? Sikuelewa anachotaka. Walimu ndivyo walivyo, hawamalizi sentensi. Nikamwambia asafiri salama na aangalie vibaka.

Kifungo karudi mchana, kala, kasema mwalimu amempa nyota, kalala chumbani kwao. Mrefu kaenda mpira. Mkwe yuko zamu. Dari ina tundu, linanitazama.

Nimeketi na sungura nikalifikiria jambo hili kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila hasira, kama mtu mzima. Kosa langu nimeliona. Ni moja tu, nami sioni haya kulikubali. Viatu vyake vilikuwa pale mlangoni jana, jozi moja tu, hana vingine. Nimevipita na ndoo mkononi.

Godoro! Nani anasafiri na godoro? Ningevilowesha viatu.