Mkono wa Kushoto na Gauni Kumi na Tisa

Jumatatu, 15 Septemba

Bibi yangu wa ndoa amekufa. Séraphine. Moyo. Tulimzika Ijumaa.

Bosi wa mjengo kanipa wiki mbili nipumzike. Nipumzike nini? Nyumba yetu hapa Vårby gård, Uswidi, imejaa ukimya na sufuria za watu wa kanisa.

Chini ya kitanda nimekuta begi lake la India. Alikuwa aende mwezi ujao na kundi la kanisa, kujitolea wiki nne kwenye nyumba ya wasichana yatima karibu na Madurai. Ndani gauni kumi na tisa, kila moja kashonea jina la mtoto. Kavitha. Selvi. Meena. Aliponiambia, nilicheka. Nikasema watoto wa kwetu Uvira wameisha, ndiyo utafute wa India? Yeye aliendelea na cherehani.

Nitaenda mimi. Begi nitalibeba mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimempigia Mikael, Mswidi anayeongoza kundi. Anasema nafasi hairithiwi. Kuna mtu mwingine anaitaka. Jumamosi mbili kuna mafunzo ya desturi za Kihindi, halafu watasema nani anaenda.

Huyo mwingine ni Évode! Mrundi wa Rissne. Anafagia ofisi Kista na anatembea kama mwenye ofisi. Kwenye matanga ya bibi yangu alikula sambusa saba. Nilimwona.

Jumamosi, 20 Septemba

Mafunzo nyumbani kwa mama Revathi, injinia, mtu wa Madurai kabisa. Viatu nje. Soksi yangu ina tundu. Évode kavaa mpya, bado zina mkunjo wa dukani. Kaunganisha viganja kifuani, kasalimia kwa lugha yao. Kajifunza kwenye simu, mnafiki.

Mama Revathi akasema kule chakula na zawadi ni mkono wa kulia. Kwetu vilevile. Mama yangu alinichapa miaka sita kwa sababu hiyo. Mkono haukusikia. Mimi ni mashoto mpaka kwenye mfupa. Saa hiyohiyo nikampa mama Revathi boksi la biskuti. Kwa kushoto. Évode akakohoa mpaka majirani wakasikia.

Kwenye ngazi akaniuliza, "Mzee Norbert, hiyo mkono nayo utaiombea viza?"

Ningempiga. Kwa kushoto.

Jumatatu, 22 Septemba

Mazoezi. Wali na maharage, mkono wa kulia, bila kijiko. Wali kwenye ndevu. Wali kwenye sweta. Wali kwenye picha ya harusi. Wa kushoto unakuja wenyewe, kama mbwa akisikia sahani. Nimeukalia. Umekufa ganzi lakini umetii!

Binti yangu Gaëlle, miaka kumi na saba, kaniambia kwa Kiswidi niwaambie tu kwamba mimi ni mashoto, yaishe. Watoto waliokulia hapa! Wanafikiri ukweli unafungua mlango.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimepata! Bandeji. Mkono uliofungwa hauwezi kumwaibisha mtu. Nimeweka vipande viwili vya mbao, nimezungusha kitambaa mpaka kiwiko. Nitasema nimeanguka kwenye ngazi, umevunjika mahali pawili. Mahali pamoja tu ni jambo dogo.

Gaëlle kauona. "Men pappa..." Yaani "lakini baba". Kaenda chumbani.

Jumamosi, 27 Septemba

Chakula kwa mama Revathi. Mkono wa kulia ulifanya kazi kama mtumishi mpya, polepole, bila kosa. Watu wakanipa pole. Évode akainamia sahani yake. Furaha!

Ikaja achari ya embe. Nikasema mimi mtu wa Uvira, pilipili kwangu ni maziwa. Nikabugia kijiko kizima. Machozi yakashuka. Mikael akanishika bega, akasema Séraphine alikuwa mtu wa pekee. Nikamwacha aamini ni machozi ya msiba. Halafu achari ikaisha mdomoni, machozi hayakuisha.

Basi, Mikael akaangalia bandeji, akatikisa kichwa. Akasema inamuuma sana. Walishaamua tangu juzi: ni mimi. Bafu za watoto hazina milango, wanahitaji mtu wa mjengo. Séraphine aliwaambia bwana wake anajenga kitu chochote. Aliwaambia hivyo! Mimi niliyemcheka! Lakini safari ni tarehe 18 Oktoba, na mfupa hauungi kwa wiki tatu. Kwa hiyo Évode.

Nikaing'oa bandeji palepale. Nikapiga meza kwa kushoto. Nikasema umepona, ni maombi!

Hakuna aliyesema amina.

Mama Revathi akauliza kwa nini nimefanya hivi. Nikasema. Akaniambia kaka yake ni mashoto, anakula kwa kulia, anaandika kwa kushoto, na hakuna aliyemfukuza India. Mikael akasema taratibu kwamba watoto wale wameshadanganywa na watu wazima wengi. Mwaka huu hapana.

Heri angepiga kelele.

Évode hakucheka. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Jumapili, 28 Septemba

Évode kaja kuchukua begi. Kakiri anaogopa ngazi. Anashika bisibisi kama kijiko cha uji. Nimemfundisha saa tatu nzima kufunga bawaba kwenye mlango wa choo chetu. Nimemtukana. Kaandika yote, hata matusi. Choo sasa hakifungiki.

Nikamwambia gauni awape watoto kwa mkono wa kulia. Akasema, "Ndiyo, mzee." Bila mzaha.

Mlangoni akakumbuka: mama Revathi anasema kaja msichana mpya kwenye nyumba ya yatima, sasa wametimia ishirini. Anaitwa Ponni. Évode atamnunulia gauni dukani. Nikasema sawa, anunue la kuvaa sasa. Lenye jina nitamshonea mimi. Sijawahi kushona hata kifungo. Litachukua mwaka. Na likiisha nani atalipeleka? Ha!

Nimeshapanga. Mwaka ujao sifungi mkono mzima, huo ulikuwa upumbavu. Nitafunga kidole kimoja tu.

Nimekaa kwenye cherehani ya Séraphine tangu mchana. Nimemaliza herufi P. Sindano imeingia kwenye kidole cha kushoto, damu nyingi. Bahati bandeji ipo. Kesho narudi kazini.