Kitambaa cha Sinema Nyuma ya Nyumba Yangu

Lac Vert, Ijumaa

Kwa Papa Wenceslas, mwenye sinema ya magari

Papa muheshimiwa,

Upokee salamu za jirani yako wa nyuma. Mimi ndiye muzee wa nyumba ya mabati mekundu, kwenye pariseli iliyo nyuma kabisa ya uwanja wako, pale ulipotundika kile kitambaa cheupe kikubwa. Wateja wako wanakaa ndani ya magari yao upande wa mbele. Mimi na muke wangu, Mama Daniella, tunakaa kwenye benchi letu upande wa nyuma. Hatukulipa, hatukuomba, na picha zinapenya mpaka kwetu. Kila Jumamosi! Nimevumilia wiki sita. Sasa naomba uhamishe sinema yako, kwa sababu hizi:

1. Filme zako zinaharibu adabu. Watu wa filme hizo wote wanasalimiana kwa mukono wa kushoto. Wanakula kwa kushoto, na Jumamosi iliyopita hata padri alibariki arusi kwa kushoto. Mutoto wangu angefanya hivyo ningemukaripia mbele ya wageni. Watu hawa unawatoa wapi?

2. Maandishi ya chini hayasomeki. Nilisoma Kifaransa kwa mapadri miaka sita, diplome yangu iko ukutani, lakini sijaweza kusoma hata neno moja. Kama ni Kirusi, useme.

3. Sauti unaituma kwenye radio za magari. Mimi sina gari. Nina radio moja ndogo ya betri, na ili tusikie wote wawili inabidi Mama Daniella akae karibu nami. Hapa lazima nieleze, Papa, maana jambo ni zito. Mama Daniella alikuwa hasemi nami tangu mwezi wa tatu. Niliazimisha cherehani ya marehemu mama yake kwa shemeji yangu wa Murara bila kumuuliza, na shemeji hajairudisha mpaka leo. Nilikosa, najua. Tangu siku hiyo akawa anasema na jogoo: jogoo, umwambie mwenye nyumba sombe iko mezani, jogoo, umuulize mwenye nyumba kama amefunga mulango. Nilikuwa nimezoea. Nyumba ilikuwa na utulivu.

4. Jogoo huyo sasa amechanganyikiwa. Kitambaa chako kikiwaka saa moja ya usiku, anawika akidhani kumekucha. Tena amebaki bila kazi, kwa sababu ya jambo la tano.

5. Filme zako hazina mwisho. Ikibaki kidogo tu, wateja wako wanawasha mataa ya magari ili wawahi barabara ya Goma. Kitambaa kinakuwa cheupe chote, na honi zinafunika radio yangu. Ndipo Mama Daniella ananigeukia, mimi mwenyewe, siyo jogoo, na kusema yule mwanamuke wa filme amerudi kwa bwana yake. Mimi nasema hapana, kwa makosa aliyoyafanya yule bwana, harudi mutu. Ee, Papa! Tunabishana mpaka kitandani. Asubuhi anaendelea akichemsha chai. Jumatano alinifuata mpaka shambani, katikati ya maharagwe, kuniambia amekumbuka kitu kinachoonyesha kwamba nimekosea. Mutu wa umri wangu atapumzika lini?

Kwa hiyo nasisitiza, kwa heshima zote: uhamishe sinema, au angalau ugeuze kile kitambaa kisituangalie. La sivyo nitapeleka shauri kwa shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa wetu, na nitaenda na jogoo kama shahidi.

Umusalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, wale wanaopanga magari, na hata wapiga honi.

Ni mimi jirani yako aliyechoka,
Hilaire Muhindo, Papa Daniella

N.B. Kabla sijapata mutu wa kukuletea barua hii, Jumamosi imepita. Mvua ilinyesha vibaya, hukuonyesha kitu. Hata hivyo, saa moja Mama Daniella alitoka akaja kukaa kwenye benchi, chini ya ukingo wa mabati. Radio nilikuwa nimeiacha ndani. Hakuiulizia. Alinieleza kwamba watu wako hawatumii kushoto. Ni sisi tuko nyuma ya kitambaa, kila kitu kinatufikia kimegeuka. Alijua tangu wiki ya kwanza, ila habari ilikuwa ndefu mno kumutuma jogoo. Kisha akaniuliza: kama yule bwana angeondoka mwenyewe kwenda kurudisha alichokitoa, kweli ningesema mwanamuke harudi? Kesho alfajiri naenda Murara kuchukua cherehani, kwa chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na safari hii nimeomba kwanza.

Tafadhali, Papa, kitambaa usikiguse. Na wateja wako waendelee kuwasha mataa kabla ya mwisho.