Toleo la Shangazi

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Kampuni iliyotukodisha nota za konseto imetuandikia.

Konseto, kwa atakayeisoma shajara hii nikishakuwa maarufu, ni kazi ambayo piano inasema na okestra nzima inaitikia, au inabisha. Hii yetu imechapwa na kuchapwa tena kwa vizazi, na kila mchapishaji anaapa kwamba toleo lake ndilo alilolikusudia marehemu mtunzi. Sasa kampuni inaandaa toleo jipya kabisa. Sisi tumepewa nakala za majaribio. Atakayegundua kosa, jina lake litachapwa kurasa za mwisho, kwa shukrani.

Litachapwa!

Mchana mimi ni msoma mita za maji. Sijawahi kumsikia mtu akimshukuru msoma mita. Lakini jioni ni mtunza nota wa okestra ya mji. Kabati lililo chini ya ngazi, kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu, ni langu. Penseli zote ni zangu. Ala sipigi. Nilijifunza fidla kidogo, nikaombwa niache. Walioomba ni majirani.

Mpinzani wangu ni Mfamasia, mpiga klarineti. Jina lake lilishachapwa, nyuma ya toleo la kazi nyingine, kwa kugundua nukta iliyosahaulika. Nukta! Huitembeza nakala ile kama picha ya mjukuu wa kwanza.

Mke wangu anasema nisichokoze nyuki. Hajui utamu wa asali.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepekua nakala zote, kuanzia fidla hadi ngoma. Hakuna kosa. Waliochapa ni watu makini. Watu wasio na huruma.

Nikaenda kwa Shangazi kutuliza moyo. Ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea. Alifundisha piano shuleni hadi akastaafu, na mwezi huu, kwa mara ya kwanza maishani, atapiga konseto na okestra. Wakati wa ujana wake hapakuwa na okestra. Ilipoundwa, kila mara ikaalika mpiga piano wa mbali, maana mcheza kwao hutuzwa lakini haalikwi. Sasa vidole vyake vinaamka vimekakamaa, na daktari amemshauri kwamba kama ana jambo la kupiga, alipige. Hilo nimelisikia kwa watu. Yeye hasemi. Anafanya mazoezi tu.

Piano yake ya nyumbani haiguswi na mtu mwingine. Nimekua nikiisikiliza kutoka jikoni, na leo pia nilikaa jikoni, nakala yetu wazi mezani, kidole kikifuata. Sehemu ya pili, ile ya polepole. Wimbo unapanda, unapanda, unafika kileleni, na Shangazi hapigi nota iliyochapwa! Kapiga iliyo chini yake. Nikadhani kateleza. Wimbo ukarudi mara ya pili. Kapiga ileile.

Shangazi hatelezi. Basi alijifunza kwa toleo jingine. La kale. Lililopotea!

Barua pepe kwa kampuni nimeituma kabla chai haijapoa. Nimewaeleza kuhusu “mapokeo yasiyojulikana hadi leo.” Shangazi sikumuuliza kitu. Shahidi akiulizwa sana hujichanganya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mazoezi ya kwanza ya piano na okestra pamoja. Kondakta wetu (mama mkwe bado anauliza kwa nini hatozi nauli) ni mwalimu wa fizikia, mtu wa subira. Leo subira ilimwishia mapema. Alisema tuanze herufi D, moja ya alama zinazochapwa juu ya nota ili wote waanzie pamoja. Okestra ikaanza D ya toleo jipya. Shangazi akaanza D ya kitabu chake cha kahawia, cha tangu ujana wake, kilichoshonwa mgongo kwa uzi. Okestra ilikwenda msibani, piano ikaenda harusini.

Kuziandika upya herufi kwenye kitabu chake ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na mambo makubwa zaidi.

Sehemu ya pili. Kilele. Shangazi akapiga nota yake. Kondakta akasimamisha kila mtu, akauliza kama hapo pia matoleo yanatofautiana.

Swali hilo nimelingoja tangu nizaliwe! Nikainuka pale kabatini, nikawahutubia kuhusu toleo lililopotea. Mfamasia akasema anayajua matoleo yote na hakuna lenye nota hiyo. Nikamjibu kwamba ndiyo maana ya kupotea. Fidla zikawa upande wangu. Tarumbeta zikawa upande wake, kwa sababu tarumbeta na fidla hazijawahi kupatana. Shangazi akanyoosha mkono. Nikamwomba kwa heshima zote angoje, mambo haya ni ya wataalamu. Akanyoosha tena. Mlinzi akaanza kufunga madirisha. Sehemu ya tatu haikuguswa.

Nalala na tabasamu. Mke wangu anasema naonekana kama mtoto mwenye homa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Shangazi kuchukua ushahidi, yaani kitabu cha kahawia. Shikamoo. Marahaba.

Nikafungua sehemu ya pili. Nota iliyochapwa pale ni ileile ya toleo jipya. Ileile! Nikakisogeza dirishani. Nikakigeuza. Haikubadilika.

Shangazi akaniita kwenye piano. Sijawahi kuitwa kwenye piano ile. Akanishika kidole kama nilipokuwa mdogo, akakiweka juu ya kibonye kimoja, mbali kule upande wa kulia, akakibonyeza.

Tok.

Mti mtupu. Hakuna sauti.

“Kilikufa siku tunahamia hapa,” akasema. “Wabebaji waliiachia ngazini. Fundi akasema spea haipatikani. Basi nikawa napiga cha jirani yake.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema jana.

“Nilinyoosha mkono, mwanangu. Ukaniambia ningoje wataalamu.”

Nilikaa. Yeye akaanza kupangusa vibonye kwa kitambaa. Alisema mwanzoni kidole kikipiga ile nyingine, kichwani alikuwa anaisikia ya kweli. Alikuwa anajiambia ni kiraka tu, kitatolewa. Kisha miaka ikapita, na siku moja kichwa nacho kikazoea. Hajui ni lini. Hilo ndilo linalomkera, kwamba ile ya kweli iliondoka bila kuaga.

Akasema sasa anataka kitu kimoja. Piano ya ukumbini ni nzima. Anataka, kabla vidole havijagoma, aipige ile iliyoandikwa, okestra nzima ikiwa chini yake, aisikie. Akacheka kidogo, kama mtu aliyekwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Nilimwambia hilo ni jambo jema sana. Mdomo ulisema hivyo. Moyoni nilikuwa nawaza barua pepe iliyokwisha kwenda.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimewaza kazini, nyumba hadi nyumba, mita hadi mita. Huenda nimeandika namba za watu vibaya.

Hoja ni hii. Shangazi akipiga nota iliyochapwa mbele ya mji mzima, toleo langu lililopotea linakufa kabla halijapatikana. Lakini kama kibonye hicho kingekuwa bubu ukumbini pia? Asingekuwa na budi. Angepiga aliyoizoea. Hakuna aliyedhurika!

Nimekata kipande cha mpira kwenye kandambili kuukuu. Chuo kiko kwenye njia yangu, na nilikuwa na sare. Nikamwambia mlinzi nakagua uvujaji. Hakuuliza kwa nini nakagua uvujaji ndani ya piano. Nikafunua mfuniko, nikachomeka mpira kati ya kinyundo na nyaya, nikajaribu.

Tok.

Kazi safi. Ila ile tok ilikuwa ileile ya nyumbani kwa Shangazi. Wabebaji walimnyang’anya kibonye kile kwa mikono kuteleza. Mimi yangu haikuteleza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo ni mazoezi ya mwisho. Nikawahi ukumbini kuutoa mpira. Haupo! Umezama chini, baina ya vinyundo. Nikaingiza mkono. Mkono ukaingia vizuri. Kutoka ukakataa, kamba ya saa imenasa kwenye waya. Kila nikivuta, piano inalia kama paka aliyekanyagwa.

Nani akatokea? Mfamasia. Yeye huwahi kupasha klarineti moto.

Akanitazama. Akaitazama piano. Sikuweza kufikiria uongo wowote unaotoshea hali ile. Akafungua mkoba wake, akatoa kikoleo chembamba, wanachotumia kutolea miba watoto, akanifungua saa, akauvuta mpira. Akaugeuza mkononi. Bado ulikuwa na alama ya kisigino changu.

“Kibonye kipi?” akauliza.

Nikamwonyesha. Akakibonyeza. Sauti ikatoka nyembamba na safi, ikakaa hewani. Akautia mpira mfukoni, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Basi! Hakuniambia neno jingine. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Anataka nini?

Okestra ilipokamilika, Shangazi aliwaeleza mwenyewe habari ya kibonye, kwa maneno machache. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Fidla zote zikahamia upande wa Mfamasia. Mimi nikawa na shughuli kubwa ndani ya kabati.

Kisha likatokea ambalo sikulipanga. Sehemu ya pili, kileleni, Shangazi alitaka kupiga iliyoandikwa, na kidole hakikukubali. Kilikwenda kwa jirani. Akaomba radhi, wakarudia. Kikaenda kwa jirani tena. Tukasikia akikisemesha kwa sauti ya chini, kama anavyosemeshwa mbuzi aliyegoma njiani. Mara ya tatu ilikuwa vilevile. Kondakta akamwambia, “Mama, itakayokuja Jumamosi ndiyo hiyo.” Shangazi akaitikia kwa kichwa, akaficha mikono kwenye khanga.

Ningepaswa kufurahi. Kidole kinanitetea! Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Niliombwa nimfungulie Shangazi kurasa. Aliniomba yeye, sijui kwa nini mimi. Kitabu kilikuwa kilekile cha kahawia, na safari hii herufi nilikuwa nimeziandika, kwa penseli, zote.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Sehemu ya pili ikaanza. Nikauona mkono wake wa kulia ukianza kupanda, nikasahau kuna watu. Wimbo ukapanda. Mfamasia alikuwa chini ya wimbo huo na klarineti yake, laini, bila kujionyesha. Ukafika. Kidole kikasita kiasi cha pumzi moja, kikaenda.

Ile iliyoandikwa.

Sijui muziki wa kutosha kueleza. Ilikuwa nota moja tu, juu kidogo ya ile niliyoizoea tangu utotoni, na ilikuwa kama nyumba mliyokaa siku zote mkagundua ina dirisha. Shangazi alifumba macho. Mimi nilikuwa nalia, ukurasa umekwisha, sijageuza. Akaugeuza mwenyewe, kwa kofi, na kofi lingine likanipata mkononi.

Wimbo ukarudi mara ya pili. Nikajua sasa kidole kimefunguka. Safari hii hakufumba macho. Alinitazama, akapiga ya jirani. Ile ya jikoni. Haikuwa bahati mbaya. Niliuona mkono wake, ulikwenda pale kama mtu anayeingia mlango wake.

Watu walisimama wakapiga makofi hadi kondakta akaishiwa na namna ya kuinama. Baadaye, nyuma ya pazia, nikamuuliza Shangazi kwa nini.

“Ya kwanza nilitaka kuisikia,” akasema, akinyoosha vidole kimoja kimoja. “Nimeisikia. Ni nzuri. Halafu nikarudi nyumbani.”

Mfamasia alipita akatupa mkono wa pongezi, kwanza Shangazi, kisha mimi. Mkono wangu aliushika muda mrefu kuliko kawaida. Kiganjani mwake kulikuwa na kipande cha mpira, na alipoondoka kilikuwa kwangu.

Nimeandika haya mezani jikoni kwangu. Nimejiapiza kesho naanza maisha mapya. Kampuni nitaiandikia ukweli wote.

Jumanne, 21 Oktoba

Jibu la kampuni limefika! Wamefurahi mno. Wameitisha mkutano wa wahariri. Wanaomba nakala ya toleo nililolitaja.

Nikaketi kuandika ukweli. Nikaandika, “Ndugu wahariri, nilikosea.” Nikaisoma. Ni sentensi mbaya sana, haina mvuto wowote. Nikaifuta. Nikawaandikia kwamba toleo lile, kwa masikitiko makubwa, limeliwa na mchwa.

Lakini hilo si neno, kwani nimegundua jambo zito zaidi. Katika sehemu ya tatu, Jumamosi, mpiga ngoma aliingia mpigo mmoja baada ya wengine. Nilisikia wazi. Leo nimemfuata dukani kwake, nikamuuliza kwa upole amejifunza kwa toleo gani. Akasema alikuwa anapiga chafya. Nikambana. Akashikilia chafya. Mkewe naye, kutoka nyuma ya kaunta, akasema ni chafya, ana mafua tangu wiki iliyopita.

Wawili, na maneno yaleyale. Wamepanga!

Na chafya gani hiyo inayoingia sawasawa kwenye mpigo? Huyo ana toleo. Mfamasia bado hajui. Barua pepe nimeshaituma.