Farasi Anayenenepa kwa Hewa

Jumatatu, 6 Julai

Daktari wa mifugo kaja mapema, mimi bado nina mswaki mdomoni. Kampima Bi Mkubwa kwa utepe, tumboni na shingoni. Kapima tena.

Bi Mkubwa ni farasi. Naliandika hili kwa faida ya wasomaji, nikishakuwa maarufu. Alivuta mkokoteni wa maji wa marehemu baba mkwe mpaka wote wawili wakachoka. Sasa amestaafu, yuko uani kwetu, nyuma ya karakana yangu ya masanduku na mikoba. Mke wangu husema yule ndiye mke mkubwa, yeye ni wa pili tu. Husema huku anacheka. Siku nyingine hacheki.

Hukumu ya daktari: amenenepa vibaya. Kuna farasi, kasema, wanaoshiba kwa kunusa tu, na huyu ni mmoja wao, na uzee umemzidishia. Shingo imejaa mafuta. Kwato zina joto. Tukiendelea hivi miguu itaharibika, na farasi asiyeweza kusimama ndiyo mwisho wake. Dawa yake ni nyasi kavu zilizopimwa kwenye mizani, zikalowekwa zitoke sukari, zikatiwa kwenye wavu wa matundu madogo. Atembezwe kila asubuhi. Pumba marufuku. Mkate marufuku. Karoti marufuku. Aliposema karoti aliniangalia mimi. Sijui kwa nini.

Mama mkwe, anayekaa chumba chetu cha mbele na ndiye mrithi wa farasi, naye katoa hukumu yake. Daktari atarudi Jumapili. Asiporidhika, Bi Mkubwa anahamia kwa Shemeji.

Kwa Shemeji! Dereva wa teksi anayesahau hata kutia mafuta gari lake mwenyewe! Ua wake ni saruji tupu, hakuna hata kivuli. Nilizunguka uani mara sijui ngapi. Nampenda yule mnyama. Basi, nimeandika.

Mke wangu keshaitundika mizani na anapima nyasi. Kazi nzuri, lakini haina ubunifu. Shida hapa si nyasi. Shida ni kwamba kuna mtu anamlisha kwa siri. Mimi simhesabu mtu anayempa kipande cha kumwamkia tu. Hicho ni salamu.

Jumanne, 7 Julai

Usingizi sikuupata, lakini nimepata wazo. Kifunika mdomo! Nimekishona mwenyewe kwa begi kuukuu la shule lililosahauliwa karakana na mteja tangu mwaka juzi. Nimekitoboa chini. Maji atakunywa, nyasi atavuta unyasi mmoja mmoja, lakini mkate wa watu haupiti. Kina zipu pembeni. Kazi safi kabisa.

Kabla ya saa nne watu walishajaa kwenye uzio. Mmoja kaniita katili. Mwingine kauliza farasi kamtukana nani. Halafu akaja jirani yetu Mwalimu Mstaafu, miwani moja machoni, nyingine kichwani, anaitafuta ya tatu. Kasema watu waliostaarabika hawafungi wazee midomo kwa zipu. Kasema pia farasi mzee anahitaji mafuta ya kula, kijiko asubuhi na jioni, imeandikwa kitabuni. Nikamwambia akilete hicho kitabu. Kakileta. Kinahusu ng'ombe wa maziwa.

Mama mkwe kasema mzee halazwi na njaa nyumbani mwake. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Kasema daktari bado mtoto.

Adhuhuri Bi Mkubwa alikisugua kifunika mdomo kwenye nguzo mpaka kikavuka, akakikanyaga, akautafuna mkanda wake. Dakika hiyohiyo kaingia yule mteja kuulizia begi lake. Mwaka juzi mpaka leo, na kaja leo! Nikamwambia bado liko kwenye matengenezo.

Bi Mkubwa alionekana kushtuka. Nikampa nusu biskuti. Kidogo tu.

Jumatano, 8 Julai

Nimebandika kibao kwenye uzio: USIMLISHE FARASI. Herufi kubwa, rangi nyekundu.

Sikujua binadamu walivyo. Watu waliokuwa wakipita hapa miaka yote bila kugeuza shingo, leo wamesimama. Wanasoma. Wanamwangalia. Wanamhurumia. Halafu wanapapasa mifuko yao. Mwokaji wa mkate wa kona ya pili, ambaye hata hakujua tuna farasi, kaja na mfuko mzima wa mikate iliyochacha akasema amesikia kuna mnyama hapa amenyimwa chakula.

Nikabadilisha kibao: FARASI ANAUMA.

Hapo ndipo walipokuja kwa wingi. Mwalimu Mstaafu kawaeleza wote kwamba mnyama mpole akianza kuuma ni njaa tu, ashibishwe atatulia. Bi Mkubwa, ambaye hajawahi kumng'ata hata nzi, kanyoosha shingo juu ya uzio kama mtu anayepokea rambirambi.

Shemeji naye kapita na teksi yake. Kapiga honi. Kauliza kwa sauti, wateja wakiwa ndani ya gari, kama nimeshaanza kumfungashia farasi mizigo yake. Eti nyumbani kwake atakonda wiki moja tu. Nikamwambia huko kwake hata mende wamekonda. Mke wangu kaniita ndani.

Mke wangu kasema lifungwe lango la nje kwa kufuli, basi. Nikamwambia mambo si mepesi hivyo. Kibao nimekitoa.

Alhamisi, 9 Julai

Siku mbaya.

Asubuhi mke wangu alimtoa kwa matembezi na Bi Mkubwa akagoma. Si ukaidi. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, polepole, mbele anakanyaga kwa kisigino kama anayetembea juu ya misumari. Nikagusa kwato. Moto. Nimeogopa, sitaki kudanganya. Nilisimama na mkono wangu kwenye ule ukwato, siuondoi.

Mke wangu kaleta ndoo za maji baridi, mimi nachota yeye anamwagia, mpaka mchana. Daktari kwa simu kasema tuendelee hivyohivyo, leo asitembezwe, tumtandikie nyasi laini chini, na kwamba mtu yeyote anayempa kitu cha pembeni anamchimbia kaburi. Kasema maneno hayohayo. Kaburi.

Nimeapa. Mkono wangu hautampa kitu tena. Nimeapa kwa sauti, mbele ya farasi.

Kesho lazima nimkamate huyo mchimba kaburi. Na nina uhakika ni nani. Nani anayefaidika Bi Mkubwa akishindwa kipimo Jumapili? Nani anayemtaka ahamie kwake, kwenye saruji? Kikulacho ki nguoni mwako!

Jioni Bi Mkubwa aliniangalia kwa macho ya mgonjwa. Wagonjwa huwa na viapo vyao tofauti. Karoti ilikuwa nyembamba sana.

Ijumaa, 10 Julai

Leo joto la kwato limepungua kidogo. Nimepumua. Na akili imerudi kwa kishindo.

Mpango wenyewe: mke wangu humpa Bi Mkubwa chakula kwenye wavu, hamgusi mdomo. Anayemgusa mdomo ni yule tu anayempa kwa kiganja, yaani mhalifu. Kwa hiyo nimechukua kopo zima la manjano jikoni, nikachanganya na mafuta ya kupikia, nikampaka Bi Mkubwa midomoni na kwenye ndevu. Manjano yakishika ngozi, sabuni itaomba radhi. Jumapili daktari akija, mkono wa Shemeji utajieleza wenyewe.

Na mimi? Nilivaa glavu. Akili ni mali!

Bi Mkubwa alisimama kwa utulivu wote ule nikimpaka, hakutikisa hata kichwa. Nilipomaliza nikavua glavu, nikampa kipande cha biskuti kwa uvumilivu wake.

Mke wangu kauliza nani kamaliza manjano. Nikasema panya.

Jumamosi, 11 Julai

Nimejibanza nyuma ya tangi la maji tangu asubuhi, nikilinda. Ilibidi nitoke mara moja kwa sababu mteja wa begi alirudi. Ikabidi nitoke tena kwa sababu mama mkwe aliniagiza dukani, ghafla, kiberiti. Nyumbani tunavyo viberiti vitatu. Nikatoka tena kumtuliza Mwalimu Mstaafu, aliyedai ameona nyoka mbele ya nyumba. Hakukuwa na nyoka. Niliporudi yeye mwenyewe hakuwepo tena pale nilipomwacha.

Sikumwona mtu yeyote akimlisha. Lakini Shemeji alipita adhuhuri kumsalimia mama yake, na alipoondoka alinipungia kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umo mfukoni. Mfukoni! Nilicheka peke yangu mpaka bega likagonga tangi.

Nimeshaandika hotuba. Inaanza na ile methali ya nguoni.

Jumapili, 12 Julai

Naandika nikiwa nimekaa karakana, mlango nimeufunga.

Daktari kaja saa kumi. Kapima tumbo, kapima shingo. Kasema kwato zimepoa kiasi, hilo ni jema, lakini utepe haujarudi hata chembe, tena umeongezeka. Kwa nyasi zilizopimwa vile, kasema, haiwezekani. Nikasema labda ananenepa kwa hewa. Kasema hewa haiachi makombo ya biskuti kwenye ndevu.

Mke wangu akatukaribisha chai. Mama mkwe, Shemeji, Mwalimu Mstaafu ambaye hakualikwa, daktari na mimi. Vikombe vikawekwa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Chai inapoa, watu wote wamekalia viganja vyao. Hapo nikasimama.

Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwomba Shemeji achukue kikombe chake kwa mkono wa kulia. Kakataa. Nikasisitiza. Kautoa. Manjano mpaka kwenye kifundo! Nikageuka kwa daktari, mkono hewani, tayari kwa sehemu ya pili ya hotuba.

Shemeji kasema yeye alimpa tofaa moja tu, tena kwa kuhofia akihamia kwake atakuja amenuna. Kisha kasema, na hapa mambo yaliharibika, kama ni mikono tuangalie mikono yote. Mwalimu Mstaafu akaanza kueleza faida za mafuta ya kula, viganja vyake vikiwa na rangi ya embe bivu. Mama mkwe kasema yake ni ya kupika mchuzi. Mke wangu, kwa upole, kasema kopo la manjano halina kitu tangu Ijumaa, panya walikula. Mama mkwe akaangalia dirishani.

Nikasema basi, wote wamo, aibu kwa nyumba nzima. Shemeji akanishika kifundo cha mkono, ule niliokuwa nimeuinua. Akaugeuza.

Nilikuwa sijauona. Naapa sikuwa nimeuona. Nikasema mimi ndiye niliyepaka, lazima yanishike. Mke wangu kasema glavu mbona ziko kwenye kamba ya nguo na zina manjano nje tu. Daktari akauliza kwa heshima kama anaweza kuona mfuko wa koti langu. Kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe zamani. Makombo yakadondoka mezani. Mama mkwe akanirudishia methali yangu, neno kwa neno.

Mikono safi mezani ilikuwa ya daktari na ya mke wangu.

Niliwaza ile Alhamisi, moto wa ule ukwato kiganjani mwangu. Nikasema wamchukue, kama ndiyo salama yake. Nilisema kweli, na hata Shemeji akaacha kutabasamu.

Mama mkwe kafikiri. Kasema kumpeleka kwa Shemeji ni kumkabidhi fisi bucha, na kumwacha kwangu ni bucha ileile na fisi mwingine, na yeye mwenyewe si wa kusema. Hukumu: Bi Mkubwa anabaki. Lango linafungwa kwa kufuli, ufunguo uko shingoni mwa mke wangu. Yeye ndiye wa kulisha, peke yake. Mimi ni wa kutembeza tu.

Kutembeza tu! Lakini anabaki. Anabaki! Nilienda kumwambia. Akanusa mfuko wangu.

Jumatano, 22 Julai

Daktari kapita. Kwato baridi. Shingo imelegea. Utepe umerudi kwa upana wa kidole kizima! Bi Mkubwa asubuhi anatoka langoni mwenyewe kabla sijavuta kamba. Daktari kamsifu mke wangu mbele ya watu. Nilisubiri na zamu yangu. Kaondoka.

Haidhuru. Anayejua anajua. Bila mpango wangu wa manjano nani angewafichua wale walaghai? Sasa wote wamekoma. Mwalimu Mstaafu anapita upande wa pili wa barabara. Shemeji anapiga honi tu. Mwokaji nimemwonya mwenyewe, kwa ukali, nikiwa nanunua biskuti.

Amekonda, na mtu akikonda hivyo ni lazima apongezwe. Kidogo tu. Njiani, baada ya kona, dirisha la mama mkwe haliwezi kuona.

Koti nimelishonea mfuko mpya leo. Kwa ndani, una zipu. Kitambaa chake nimechagua mwenyewe dukani, nikakilinganisha na kiganja changu kabla ya kulipa. Rangi ya manjano.